Mji wa Kanga Nilioukata

Jana niliota, na wala haukuwa usiku. Ilikuwa Jumamosi, kati ya adhuhuri na alasiri, nimeketi kwenye mkeka na sindano mkononi, na ndani ya ndoto nilikuwa nimeketi kwenye mkeka uleule na sindano ileile. Ndiyo maana mwanzoni sikujua kama nimelala.

Lakini kabla ya ndoto kuna mambo yaliyotokea nikiwa macho, na bila hayo hamtanielewa.

Mimi ni fundi bomba, hapa Korogwe. Bomba nalijua. Nikisikia tu maji yanavyolia ukutani nakwambia koki gani imekufa. Nguo siijui. Kifungo changu kikikatika nilikuwa nampa mke wangu Mwanahawa, naye alikirudisha mahali pake bila maelezo. Sasa Mwanahawa yuko Songea anasomea ukunga, miaka miwili, na hii ni wiki ya tatu tangu aondoke.

Aliondoka kwa basi la alfajiri. Binti yetu Raihana, wa miaka sita, alikuwa amelala. Mwanahawa akainama amwamshe amuage. Mimi nikasema, "Mwache alale. Ukimwamsha atalia, nawe utachelewa basi." Akabaki vile ameinama, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kisha akachukua begi.

Tangu siku hiyo Raihana alikuwa halali mchana, na usiku alilala ameshika ncha ya shati langu. Aliamini kwamba watu huondoka mwenzao akifumba macho. Mama yake akipiga simu, alijificha nyuma ya pazia. "Hakuniaga," alisema, na hapo hapakuwa na mjadala. Mimi nilinyamaza. Hakujua ni nani aliyesema asiamshwe, na kila siku niliyokaa kimya iliifanya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Wazo la mdoli lilikuwa la Mwanahawa. "Chukua ile kanga yangu nyekundu ya korosho," aliniambia kwenye simu, "umshonee mdoli wa kitambaa. Ina harufu yangu. Labda atalala naye, na siku moja atakubali kuongea na mimi." Kanga hiyo Raihana anaijua sana, maana mama yake alikuwa akimsomea maandishi yake, kidole juu ya kila herufi: SITAONDOKA BILA KUKUAGA. Mnaona wenyewe tatizo lilipo.

Dada yangu Mwanjaa, mshonaji wa siku nyingi, alinipa masharti kwa simu, kwa ile sauti anayoitumia kwa watu wasiofundishika. "Kata kwenye mji, usiguse jina." Mji ni ile sehemu ya katikati ya kanga, ndani ya pindo. Jina ni maandishi. "Acha nusu inchi ya mshono. Ushone kinyume, nje iwe ndani, halafu ugeuze. Uache tundu la kugeuzia, Mhina, unanisikia? Na mwisho wa uzi ufunge fundo. Mimi nitafika alasiri."

Alikuwa anakuja kukaa na mtoto, maana nilikuwa nimeitwa kazini: bomba limepasuka kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Mpango wangu ulikuwa ule wa siku zote. Mwanjaa angemshughulisha Raihana jikoni, nami ningetoka kwa mlango wa uani nimebeba viatu mkononi.

Saa nne asubuhi nikakata. Nilipima kwa tepu, nikachora kwa chaki, nikapitisha mkasi katikati ya jina. Sikuliona. Fundi bomba huangalia mstari wa kukatia, haangalii bomba limeandikwa nini. Aliyeona ni Raihana. Aliinamia kipande cha tumbo akakisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama wanavyofundishwa: "Ta-o-ndo-ka." Akaniangalia. Kisha akaenda kukaa mlangoni, mgongo kwenye ubao, ili asitoke mtu.

Mabaki nikayasukuma chini ya kiti, nikashona haraka ili maneno yale yafichike. Nje ikawa ndani, sawa. Nikazunguka mwili mzima, mikono, miguu, kichwa, nikarudi nilipoanzia, na hapo ndipo nilipokumbuka tundu la kugeuzia. Mdoli nilikuwa nimemziba kila mahali. Hageuki, hajazwi sufi, na ndani yake anasema ataondoka. Nikaegemea ukuta nifikirie.

Mkasi ukakohoa.

"Unaitwa mjini," ukasema.

"Niko mjini," nikasema. "Hapa ni Korogwe, sokoni ni mwendo wa dakika tano."

"Si huu. Ule ulioukata."

Niliona kwamba jibu hilo linajitosheleza. Nikatafuta viatu vyangu, na nilipoinama kuvivaa nikawa nimeshafika.

Mji ni mwekundu. Ardhi nyekundu, mbingu nyekundu, na kila baada ya hatua tatu kuna korosho ya njano yenye ukubwa wa tanki la lita elfu moja. Korosho hizo ziko ardhini na ziko mbinguni pia, kwa hiyo sina hakika nimesimama wapi. Nyumba zimechapwa. Nagonga mlango wa kwanza, hauna nyuma. Watu nao wamechapwa. Unakutana na mzee mzima, mnasalimiana vizuri, akigeuka upande hayupo.

Kwenye korosho ya saba ananingoja mwanamke. Ananitazama kwa jicho moja, maana la pili halikukolea rangi.

"Wewe ndiye uliyepita hapa na mkasi saa nne?"

"Ni mimi, mama. Samahani."

"Jiko langu limebaki huku. Kitanda kimekwenda na vipande. Mume wangu alikuwa kitandani." Hakuwa na hasira. Alikuwa anatoa taarifa. "Sasa tunaitana. Ameniuliza chai iko wapi, nikamwambia njoo uchukue, akasema barabara imeisha."

Nikamwambia naweza kuunganisha. Nikamweleza kwamba kwenye mfuko nina soketi za nusu inchi na za robo tatu, na utepe mweupe wa kuzuia kuvuja.

"Kitambaa hakiungwi kwa soketi."

"Najua," nikasema, ingawa ndiyo kwanza nilikuwa nasikia.

"Fundi gani wewe," akasema yule mama, akageuka upande, akawa hayupo. Sauti yake ilibaki nyuma kidogo. "Nenda kaonane na jina. Limeumia kuliko mimi."

Nikafuata barabara. Barabara inaishia kwenye ukingo, na ukingoni nyuzi zinaning'inia, na mbele ya ukingo hakuna kitu chochote, hata wekundu haupo. Nilichungulia nikarudi nyuma. Hapo ukingoni zimesimama herufi nane kwa mstari, nyeusi, kila moja ina urefu wa nguzo ya umeme. T, A, O, N, D, O, K, A.

"Fundi," ikasema T. "Wenzetu wawili wako wapi?"

"Wenzenu gani?"

"S na I. Miaka minne nimesimama nyuma ya I. Leo nimejikuta wa kwanza, na mimi si herufi ya kuwa wa kwanza hapa."

"Tulikuwa tunasema kitu kizuri," ikasema A. "Sasa tunasema kinyume chake, kwa sauti ileile."

Nikauliza kama haziwezi kunyamaza kwa muda. Zikanitazama zote nane. O ya pili ikanieleza taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, kwamba wao ni maandishi.

"Tulijaribu kujipanga upya," ikasema K. "Ikatoka NDOA TOKA. Tukaona tunazidi kuharibu, tukarudi kwenye mstari."

Kutoka upande wa pili wa mji, yaani mgongoni kwa mdoli, nikasikia herufi nyingine zikilalamika. Hizo nilizikata mwisho, zimebaki BILA KUKUA, na zilitaka kujua kama hilo ni tusi. Nikaziomba zisubiri. Kichwa changu kilikuwa hakichukui zaidi ya neno moja kwa wakati mmoja.

"Mtoto ametusoma," ikasema N, ambayo ilikuwa kimya mpaka hapo. "Tulikiona kidole kinakuja. Tulijitahidi tujikunje, lakini alikuwa mdogo, anasoma polepole, hakuruka hata moja."

Niliona aibu. Nasema aibu, si jambo jingine lolote. Nilikuwa nimemfunika mtoto macho kwa kitambaa na sindano, nikadhani nimemaliza kazi.

"Mdomo wa mdoli unashonwa alasiri," ikasema T. "Ukishashonwa, kilichomo ndani ndicho kitakachosemwa siku zote. Kila mara mtoto atakapomkumbatia, sisi tutamwambia tunaondoka. Hatutaki, fundi. Lakini ndivyo tulivyoandikwa sasa."

Nikauliza S na I walipo. Mkasi, uliokuwa mfukoni mwangu muda wote bila kuona haya, ukasema nimewatupa chini ya kiti. Papo hapo chini ya kiti pakaonekana, ng'ambo ya ule utupu: kisiwa chekundu cha vipande, kitanda kimoja, mwanamume amelala anasubiri chai, na kando yake S na I, wameshikana.

"Mko salama?" nikaita.

"Si," wakajibu.

"Mnataka kurudi?"

"Si."

"Wanataka," ikasema T. "Hawana neno lingine."

Ndipo Sindano ikaja. Ilikuwa ndefu, nyembamba, imevaa uzi mweusi begani, na kichwani ina tundu ambalo ukilitazama unaona upande wa pili. Ilikuwa haigusi ardhi. Iliacha nusu inchi kila mahali ilipopita, na watu waliochapwa waliacha nusu inchi yao kuipisha. Ilizungumza kama dada yangu.

"Kuwaunga wale wawili inawezekana," ikasema. "Uzi ninao. Nataka fundo la mwishoni. Uzi bila fundo unapita tu, unatokea upande wa pili na kila kitu kinaachia."

"Basi funga."

"Mimi sifungi fundo. Fundo huletwa na mwenye nyumba. Una fundo na nani?"

"Sina fundo na mtu," nikasema. "Mimi moyo wangu mweupe."

Sindano ikaniinamia mpaka tundu lake likawa mbele ya jicho langu. "Na nyumbani kwako?"

Kabla sijajibu ikatoa kopo la vifungo, lile la Mwanahawa, ikachakura, ikatoa fundo la uzi mwekundu. Lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto na limekazwa sana. Lilikuwa na karatasi: *La Raihana. Kwa mama.*

"Hili linafaa," ikasema Sindano. "Limekazwa wiki tatu, halitaachia kamwe."

"Haliwezi kutumika," nikasema. "Anwani imekosewa."

"Anwani sahihi ni ipi?"

Nikaangalia juu, ambako napo kulikuwa na korosho. "Sijui," nikasema.

"Hujui."

"Sijui vizuri."

Sindano haikubishana. "Hebu chungulia hapa," ikasema.

Nachungulia kwenye tundu la sindano na naona Songea. Naona darasa, madirisha makubwa, wanafunzi wa ukunga wamevaa sare, na mezani kuna mdoli wa plastiki wanayejifunzia kupokea watoto. Na katikati ya darasa yuko mke wangu Mwanahawa, ameinama. Ameinama vilevile kama alfajiri ile, mkono mmoja umenyooshwa mbele, vidole vinakaribia bega ambalo halipo. Wenzake wanamzunguka kwenda kuchukua madaftari. Amewekewa kitabu sakafuni asome akiwa hivyohivyo.

"Mbona yuko vile?" nikamuuliza mwalimu, maana tayari nilikuwa darasani, nimesimama karibu na ubao, na sindano sikuiona tena.

"Alikuja hivyo," akasema mwalimu. Alikuwa mama mnene, mpole, ameshika chaki. "Tumemfundisha vizuri tu. Kupima anapima, kuandika anaandika. Ila hawezi kunyooka mpaka amalize alichoinamia. Wewe ni nani yake?"

"Mume wake."

"Basi labda wewe unajua aliinamia nini."

Mwanahawa akageuza shingo akaniona. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka mgongo. "Umemaliza mdoli?" akaniuliza.

Nikataka kumjibu, lakini darasa zima likanigeukia kusikiliza, na yule mdoli wa plastiki pia akageuza kichwa. Nikasema bado kidogo. Nilitaka kumshika nimnyooshe, kwa nguvu ikibidi, kama tunavyonyoosha bomba lililopinda. Nikanyoosha mkono, na mkono ukaingia kwenye kitu laini.

Sasa niko kwenye sufi. Sufi imenifika kiunoni, nyeupe, inaingia puani, wakati nina hakika kabisa sijajaza sufi yoyote. Kuta ni nyekundu na mishono yake inaonekana, mibaya, mingine mirefu, mingine imerukwa. Niliitambua kazi yangu. Nilikuwa ndani ya mdoli.

Mbele yangu kuna meza na dirisha dogo, kama pale wanapokatia tiketi, na nyuma ya dirisha amekaa mdoli mwenyewe. Amekaaje ndani ya tumbo lake, mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeshazoea. Hana macho wala mdomo, maana nilikuwa sijafika huko, lakini sauti yake inasikika vizuri.

"Karibu," akasema.

Nikataka kusema asante, umependeza. Nikasikia nasema, "Mkono wako mmoja mfupi na shingo nimeibana, na nilikuwa nasubiri jioni nikutupe."

Nikajiziba mdomo.

"Humu tumeshonwa kinyume," akasema mdoli. "Cha ndani kiko nje. Usijisumbue kuchagua maneno."

"Tundu la kutokea liko wapi?"

"Uliniachia?"

Nikazitazama kuta pande zote, juu na chini, naye akanisubiri nimalize. "Sikukuachia," nikasema.

"Iko njia moja. Kitambaa hiki kina sheria yake, ilikuwepo kabla hujakikata. Humu hatoki mtu bila kuaga. Ukiaga sawasawa, mshono unafunguka wenyewe, na wale wawili wa chini ya kiti wataingia wewe ukitoka. Usipoaga sawasawa, tutakaa wote, na alasiri inakuja." Akachukua muhuri. "Aga."

"Nimuage nani?"

"Unayemwacha."

Mimi si mtu wa maneno mengi kwenye mambo haya. Nikaweka mkono mfukoni nikasema, "Haya, kwaheri."

Muhuri ukashuka. IMEKATALIWA. "Hiyo ni ya mtu aliyekwishafika barabarani," akasema mdoli. "Ya pili."

Nikafikiri sana. Nikachagua ile ninayoitumia sikuzote nikikamatwa mlangoni: nakwenda dukani mara moja, narudi sasa hivi. Nikaitengeneza vizuri kichwani nikaitoa, na kilichotoka ni hiki: "Nitanyata nimebeba viatu, na ukigeuka sitakuwepo."

Muhuri ukakaa juu muda mrefu kidogo. Kisha, IMEKATALIWA.

"Ni kweli," akasema mdoli, "lakini si kuaga. Hiyo ni ripoti ya wizi. Ya tatu ndiyo ya mwisho."

Nje ya ukuta nikasikia Sindano inakuja, kwa nukta zake ndogondogo, na ule uzi mweusi unaburuzwa nyuma. Ilikuwa inakuja kushona mdomo. Herufi zilianza kujisema, zote nane kwa pamoja, TAONDOKA, TAONDOKA, kwa sauti ya watu wanaolazimishwa. Najua sauti ya bomba linalokaribia kupasuka, na sauti hiyo ilikuwa inatoka kifuani kwangu. Nikatafuta koki ya kufungia. Hapakuwa na koki.

"Raihana, mwanangu," nikasema. "Nakwenda kazini. Bomba limepasuka karibu na stendi, na nitarudi magharibi, shangazi yako atakaa na wewe. Nimekuja kukuaga ukiwa macho." Nikadhani nimemaliza, lakini humo ndani mtu hamalizi anapotaka. Maneno yakaendelea kutoka. "Na mama yako alitaka kukuamsha. Alikuwa ameshainama, mkono umebaki kidogo kukufikia. Mimi ndiye niliyemkataza. Nimekuacha umchukie wiki tatu, nikakaa kimya, kwa sababu nilipenda uendelee kunishika shati."

Hilo la mwisho nilikuwa silijui hata mimi. Nililisikia wakati mmoja na mdoli.

Pale ambapo macho yake yangekuwa palikuwa patupu, lakini nilijua ananiangalia.

"Kwa nini ulimkataza?" akauliza.

"Niliogopa utalia."

"Nani alikuwa anaogopa kilio? Mimi au wewe?"

"Mimi."

Akachukua lile fundo jekundu, ambalo sikuona limefikaje mezani, akafuta karatasi yake kwa kidole, akaandika upya kwa mwandiko mkubwa wa mtu anayejifunza: *Kwa baba.* Akanisogezea. Lilikuwa zito. Nilipolishika liliniuma hasa, hapa katikati ya kiganja, na sikuliachia, maana lilikuwa langu.

"Hapo sasa," ikasema Sindano kwenye ukuta, ikapitisha uzi kwenye fundo nililolishika.

Muhuri ukashuka. Sikusoma umeandika nini, kwa sababu ubavuni mshono wangu ulikuwa unafumuka, uzi kwa uzi, na mwanga unaingia. S na I wakaja mbio kutoka ng'ambo. Tulikutana kwenye tundu, wao wanaingia, mimi natoka, na tundu lenyewe ni la kupita mmoja. Nikawapisha.

"Si," wakaniambia, kwa adabu.

"Karibuni," nikasema. Nikatoka kichwa kwanza, na nilipokuwa natoka nikahisi nageuzwa, ndani ikawa nje, kama soksi.

Nikazinduka nikiwa nimeegemea ukuta uleule. Adhana ya alasiri ilikuwa inamalizika. Sindano iko kidoleni, imenichoma kidogo, damu si ya kutisha. Nikatazama mlangoni, hapana mtu.

Raihana alikuwa mkekani karibu yangu. Amelala. Mchana, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aondoke, amelala kabisa, mdomo wazi, shavu juu ya mdoli, na mdoli yuko kinyume vilevile nilivyomwacha, hana uso, ameshonwa kila mahali. Mkono wa Raihana haukuwa umeshika shati langu.

Dada Mwanjaa alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, ndala mkononi. "Amelala maskini," akaninong'oneza. "Toka sasa hivi. Usimwamshe."

Nikavaa viatu palepale mkekani, nikafunga kamba. Mwanjaa akanitolea macho. Nikainama. Nilikaa nimeinama muda, mgongo ukaanza kuniuma, kisha nikamgusa bega.

"Raihana. Baba anakwenda kazini."

Hakufumbua macho. "Umeshaniaga," akasema.

"Nimekuaga lini?"

"Kule." Akajigeuza, akamvuta mdoli kwapani. "Mara tatu. Mbili mbaya. Ile ya tatu nimeipokea."

"Anaota huyo," akasema Mwanjaa. "Nenda."

Sikwenda. Raihana akafumbua macho, akakaa, akajipangusa mate shavuni kwa mkono wa mdoli, ule mfupi. Akaniangalia kama anavyoiangalia herufi asiyoipenda lakini anaijua.

"Mpigie mama," akasema. "Nataka kumwambia ni wewe."

Nikatoa simu nikabonyeza jina la Mwanahawa, nikampa. Ilipoanza kuita naye akaanza kulia, kilio kile kikubwa nilichokikimbia wiki tatu zilizopita. Nikavua viatu, nikakaa.